Beki wako usimpe maksi za straika

Siku tuliyopigwa nne bila uwanjani kwetu, Mbagala, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa kipa na wa kwanza kumlaumu nilikuwa mimi. Nilikuwa msaidizi wa kocha kwenye timu ya vijana wa mtaani, kazi yangu kukaa pembeni na daftari la shule, mechi ikiisha nampa kila mchezaji maksi kati ya kumi. Kipa nikamwandikia tatu. Sasa kuna mzee mmoja enzi zake alikuwa anadaka, akachungulia daftari akaniuliza, mwanangu, mashuti mangapi yamelenga goli leo? Nikamwambia mzee sijahesabu. Akasema yeye kahesabu, kijana kaokoa saba, bila yeye mngekula kumi na moja.

Nilinyamaza aisee. Na ubaya ni kwamba hata hizo nne chanzo chake nilikuwa mimi, maana wiki hiyo nilimshawishi kocha amuweke benchi namba tatu wetu, yaani beki wa kushoto, kwa vile mechi tatu mfululizo alikuwa anapata tano tano tu kwenye daftari, hafungi, hatoi pasi ya goli, hapigi mtu tobo watu wakashangilia, nikaona huyu hana kitu, tukaweka dogo mwingine anayejua kupanda na chenga zake nyingi. Goli tatu kati ya nne zilipita upande wake, winga wa kule alikuwa anajipigia krosi kama yuko mazoezini.

Hili kosa si la mtaani peke yake lakini. Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia, inatolewa tangu 1956 na kipa aliyewahi kuibeba ni mmoja tu, Lev Yashin, 1963. Beki wa mwisho kuibeba kwa upande wa wanaume ni Cannavaro wa Italia, 2006. Mpaka 2019 wakaamua makipa wapewe tuzo yao pembeni, wakaiita kwa jina la huyo huyo Yashin, yaani kama kusema nyie hamuwezi kupimwa na wale wafungaji. Rodri, ambaye ni namba sita, yaani kiungo mkabaji, alivyobeba ile ya 2024 si mnakumbuka kelele zilizopigwa?

Waliojitahidi kidogo ni wale wa Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga timu yako kwa wachezaji halisi wa ligi kuu ya England, na mimi ndiko nilikojifunzia. Pale goli halina bei moja, straika akifunga anapata pointi 4, kiungo 5, beki 6, kipa akibahatika kufunga 10. Timu isipofungwa, kipa na beki waliocheza angalau dakika 60 wanalamba 4, kiungo 1, straika patupu. Kipa kila akiokoa mashuti matatu anapata pointi moja. Alafu msimu wa 2025/26 wakaongeza kitu nilichokipenda sana, beki akifikisha matukio 10 ya kukaba, kuondoa hatari, kuzuia mashuti na kunasa pasi, anapewa 2, hata timu ikifungwa. Ila nayo usiimeze nzima nzima, kuna beki anateleza chini kila dakika kwa sababu muda wote kasimama pabaya, kwenye hesabu anaonekana simba kumbe hatari anaziita mwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijaandika namba yoyote najiuliza kwanza huyu leo katumwa nini. Kipa nahesabu mashuti yaliyolenga goli na naangalia akipiga mpira unaangukia kwa nani. Namba mbili na namba tatu, mabeki wa pembeni, nahesabu krosi zilizotoka upande wao, basi, kupanda ni nyongeza. Namba sita ndiye mgumu kuliko wote, huyu ukifuata mpira humuoni, inabidi uchague dakika tano kila kipindi umtazame yeye tu, mpira uusahau kabisa, uone kama anaziba pale beki wa pembeni akipanda na kama anageuza shingo kabla hajapokea. Straika ambaye hakufunga usikimbilie kumpa nne, angalia alipata nafasi ngapi, kama mipira haikumfikia hilo ni deni la viungo. Na aliyeingia dakika ya themanini muache, hana maksi.

Kingine, usichanganye mafaili. Kipa mlinganishe na kipa mwenzake au na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Mimi niliwahi kupanga listi ya mchezaji wa kwanza mpaka wa kumi na nane nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la timu, nilidhani nawapa hamasa. Wiki iliyofuata straika wetu hatoi pasi hata mwenzake akiwa peke yake na goli, nilivyomuuliza akanijibu bro, kwani pasi ina maksi ngapi? Listi niliifuta usiku ule ule.

Wazazi na nyie mnaopeleka watoto majaribio, niliwahi kukaa kwenye moja watoto kama arobaini hivi, kila ukiuliza unacheza wapi ni winga, straika, namba kumi, kumbe mabeki walikuwepo ila wanaogopa hawataonekana. Mtoto kama ni beki aseme ni beki, acheze ubeki wake, mwenye jicho anamtafuta huyo huyo maana hao wengine wamejaa.

Namba tatu wetu tulimrudisha mechi iliyofuata. Akacheza kama kawaida yake, yaani hukumuona, na winga wa wapinzani wa siku hiyo akaomba kuhamia upande wa pili kabla hata ya mapumziko. Nikamwandikia nane. Kijiweni wakaniuliza leo nimekunywa nini.