Mchoro mpya haufunguki kwenye AutoCAD ya zamani: soma herufi sita za mwanzo

SWALI: Nachora ramani za nyumba kwa AutoCAD 2007. Mhandisi wa miundo amenitumia mchoro wa nondo, programu ikaniambia "Drawing file is not valid". Nimejaribu RECOVER, wapi. Nikamwomba aushushe toleo. Sasa unafunguka, lakini maelezo yenye mishale hayahaririki, na vipimo vimepandana tabaka tatu juu kwa juu. Yeye anasema kwake uko safi. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, na faili la kwanza halikuwa bovu. AutoCAD za zamani hutoa ujumbe huo hata faili likiwa zima kabisa, alimradi limeandikwa kwa muundo uliozaliwa baada yao. RECOVER hutibu faili lililoharibika, kwa hiyo hapo haikuwa na cha kutibu.

Siku nyingine, kabla ya kupiga simu, fungua faili la DWG (faili la mchoro la AutoCAD) kwa Notepad. Utaona vurugu tupu za alama, ila herufi sita za mwanzo kabisa zinasomeka. Ukishaziona funga bila kuhifadhi, maana ukihifadhi kutoka Notepad ndipo utakuwa umeliua kweli. Faili la mhandisi wako huenda linaanza na AC1032. AutoCAD 2007 inaishia AC1021.

Herufi hizo ndizo za kufuata, kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye jina la programu unapotosha: matoleo kadhaa hutumia muundo mmoja. AC1015 ni 2000 hadi 2002. AC1018 ni 2004 hadi 2006, AC1021 ni 2007 hadi 2009, AC1024 ni 2010 hadi 2012. AC1027 ilidumu kuanzia 2013 hadi 2017, kisha ikaja AC1032 ya toleo la 2018, ambayo hata toleo la 2025 bado linaitumia. Ndiyo maana mwenye 2018 anafungua kazi ya mwenye 2025 bila shida, na wewe unakwama na vyote viwili.

Nyuma zaidi kuna AC1009, muundo wa R11 na R12 (R ni Release, yaani toleo). R12 ilitoka 1992. R13 ya 1994 iliandikwa upya kuanzia msingi, ikawa nzito na yenye kasoro nyingi, wachoraji wengi wakaigomea wakabaki na R12 hadi R14 ya 1997, ambayo iliachana na DOS na kubaki na Windows peke yake. Hadi leo mashine nyingi za kukata kwa leza zinapokea DXF (faili la kubadilishana michoro kati ya programu) ya R12 bila kuuliza maswali.

Sasa dalili zako. Zote mbili zinatokana na vitu vilivyoingia toleo la 2008, yaani mwaka mmoja tu baada ya programu yako.

Mishale ile ni aina ya kitu inayoitwa Multileader. AutoCAD 2007 haiijui, kwa hiyo inaihifadhi kama kitu mgeni: inaonyesha picha yake tu, haikuruhusu kuigusa. Tena una bahati umeiona. Kama kwa mhandisi PROXYGRAPHICS (mpangilio wa kuhifadhi picha za vitu vigeni) ingekuwa 0, ungepata visanduku vitupu.

Vipimo vilivyopandana ni habari ya skeli. Kuanzia 2008 kipimo au maandishi yanaweza kubeba skeli kadhaa kwa pamoja, mathalani 1:20, 1:50 na 1:100, na programu ikaonyesha ile inayohitajika tu. AutoCAD 2007 haikijui kitu cha namna hiyo. Mpangilio wa SAVEFIDELITY ukiwa 1, na kwa kawaida huwa 1, AutoCAD ya mhandisi hukitenganisha wakati wa kushusha toleo: kila skeli inakuwa kitu chake kwenye leya yake, yenye jina la leya ya asili na namba mwishoni. Ukiingia kwenye Layout (ukurasa wa kuchapisha) utakuta kila dirisha linaonyesha skeli yake vizuri. Ukiwa Model (eneo la kuchorea) unaziona zote kwa mpigo. Fungua orodha ya leya utazikuta zimejipanga, zima usizozihitaji. Usizifute wala usitumie EXPLODE (amri ya kuvunja kitu vipande) kama mchoro utarudi kwa mhandisi. Ukiziacha zilivyo, kwake zitaungana tena. Ukizivunja, kila skeli itarudi kama kitu kinachojitegemea, na hapo lawama itakuwa halali yako.

Mwombe afanye hivi, na afanye kwenye nakala, si kwenye mchoro wake mkuu. Kwanza aandike PROXYGRAPHICS na kuweka 1. Halafu SAVEFIDELITY: aweke 0 kama wewe unachorea Model, aiache 1 kama unachapisha tu kutoka Layout. Kisha kwa QSELECT achague Multileader zote na kuzivunja kwa EXPLODE. Zitageuka mistari na maandishi ya kawaida unayoweza kuhariri. Mwisho SAVEAS, aina ya faili "AutoCAD 2007/LT2007 Drawing". Mchoro ukiwa umeunganishwa na michoro mingine kwa xref, SAVEAS haitoshi, kwani hushusha faili moja tu na zile nyingine zinabaki AC1032. Hapo atumie ETRANSMIT, inayofungasha mchoro pamoja na faili zake zote, na kuchagua muundo wa 2007 kwenye mipangilio yake. Akiweka alama kwenye Include fonts, fonti za SHX (fonti za AutoCAD yenyewe) zitaingia humo humo.

Akiwa hapatikani, ODA File Converter ni ya bure na inageuza folda nzima: taja folda ya kuingilia, folda nyingine tofauti ya kutokea, toleo la 2007, na weka alama kwenye Audit (ukaguzi wa makosa). DWG TrueView ya Autodesk nayo ni ya bure, lakini matoleo yake mapya yanataka Windows ya biti 64, na AutoCAD 2007 kwa kawaida inaishi kwenye biti 32. Itakubidi uiendeshe kwenye kompyuta nyingine.

Vipo vitakavyopotea hata mkifanya yote haya. Vifungo vya kijiometri vilivyoletwa na 2010 havitafanya kazi kwako, uwazi wa rangi wa 2011 hautaonekana, na PDF iliyowekwa chini ya mchoro haitatokea. Kwa nondo si hasara kubwa.

Jambo moja hukuuliza. Ukipokea folda nzima, tazama kama kuna acaddoc.lsp, faili la programu ndogo ya AutoCAD, ndani yake. AutoCAD 2007 hulipakia lenyewe pale unapofungua mchoro ulio kwenye folda hiyo, na virusi vya AutoCAD hupitia mlango huo huo. Kinga ya SECURELOAD, inayozuia faili kama hilo kujipakia, ilikuja miaka mingi baada ya toleo lako. Kama mhandisi hajakuambia ameliweka kwa makusudi, lifute kwanza ndipo ufungue mchoro.