Bamba la S355 au A36?

SWALI: Mchoro wa jukwaa la tangi langu hapa Likoni, Mombasa, unataka bamba la chuma cha daraja la ubora S355 la milimita 10. Muuzaji ana daraja la A36 pekee na asema ni mamoja. Ninunue?

JIBU: Usinunue mpaka mhandisi wako apige hesabu upya. Bamba la A36 hupinda lisirudi likifikia megapaskali 250 (kipimo cha mkazo). S355 huvumilia 355. Ukitumia A36 umepoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Ugumu dhidi ya kulegea, hata hivyo, ni uleule kwa zote, kwa hiyo bamba lisilopinda sana chini ya mzigo mdogo halithibitishi daraja lake la ubora.

Dai cheti cha kiwanda, kisha ulinganishe namba yake na ile iliyogongwa au kuandikwa kwenye bamba lenyewe. Alama ya rangi aliyoipaka muuzaji si ushahidi!

Ukipata S355, ichomelee kwa elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za E7018, aina yenye haidrojeni kidogo, zilizokaushwa kwenye oveni. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Elektrodi zikiunyonya, haidrojeni huingia kwenye kiungo na ufa huweza kutokea saa nyingi baada ya fundi kuondoka. Kutu ya chumvi hula madaraja yote ya chuma hiki sawa, iwe S355 au A36, kwa hiyo paka rangi.