Sina simu, programu yangu ya kamera nitaijaribuje?

SWALI: Dada, shikamoo. Nipo Mwanza, mwaka wa pili wa diploma ya kompyuta. Mjomba ana duka la dawa za mifugo, nami namtengenezea programu ya Android: muuzaji anasoma msimbo wa QR kwenye boksi la dawa, kisha anapiga picha ya risiti. Simu yangu iliibiwa mwezi uliopita, nimebaki na laptopu tu. Kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya laptopu, nikifungua kamera ya nyuma naona sebule ya watu, yenye televisheni. Kamera ya mbele nayo ina miraba inayotembea. Msimbo wenyewe nitausomaje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa simu.

Hiyo sebule unayoiona ni nyumba ya kuchora waliyoiweka watengenezaji wa emuleta ili kamera ya nyuma iwe na kitu cha kutazama. Inaitwa VirtualScene, na unaweza kutembea ndani yake. Shikilia Alt, kisha tumia herufi W, A, S na D kwenda mbele, kushoto, nyuma na kulia, huku ukigeuza shingo kwa mausi. Sasa bonyeza nukta tatu pembeni mwa emuleta, ingia Camera, uweke picha ya msimbo wako, PNG au JPEG. Unachagua ikae ukutani au mezani. Toka sebuleni uende chumba cha kulia chakula, utaikuta imebandikwa kama bango. Isogelee mpaka programu iusome.

Njia ya pili ni kutumia kamera ya laptopu. Zima emuleta, fungua Device Manager ya Android Studio, hariri simu yako ya kuigiza, na kwenye kamera ya nyuma uchague Webcam0. Kwanza funga Zoom na chochote kingine kinachoshikilia kamera, la sivyo utapata giza tupu. Halafu chapa msimbo uwe mkubwa kama kiganja. Kamera nyingi za laptopu haziwezi kulenga kitu cha karibu, na ukiisogezea kistika kidogo cha boksi utaona ukungu, ushinde unatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Mimi naanza na ile nyumba ya kuchora kila mara. Mwanga wake ni uleule leo na kesho. Msimbo uliosomeka jana ukigoma leo, najua ni mimi niliyeharibu kitu, si wingu lililopita dirishani.

Suala la risiti ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu liliniumiza. Niliwahi kuandika programu kama yako kwa duka moja la vifaa vya ujenzi. Kwenye emuleta ilikwenda vizuri wiki nzima. Siku ya kukabidhi, muuzaji akapiga picha ya risiti, akabonyeza alama ya vema, programu ikarudi ukurasa wa kwanza na picha haipo. Akarudia mara tatu mbele ya bosi wake. Simu yake ilikuwa na RAM ya GB 1. Kamera ilipofunguka, Android iliiua programu yangu ili kupata nafasi, na iliporudi haikukumbuka picha ilihifadhiwa wapi. Emuleta yangu nilikuwa nimeipa GB 4, kwa hiyo haikuwahi kubanwa.

Lakini ningeweza kuligundua kosa lile palepale kwenye emuleta. Ingia Settings, fungua sehemu ya watengenezaji (Developer options) kwa kugonga namba ya toleo (Build number) mara 7, kisha washa "Don't keep activities", inayofuta kila ukurasa wa programu mara tu unapouacha. Piga picha ya risiti. Ikipotea, andaa njia ya faili kabla hujaita kamera, na uihifadhi ndani ya onSaveInstanceState, sehemu ya msimbo ambayo Android huiita kabla ya kuufuta ukurasa ili uweke cha kukumbuka. Usimkabidhi mjomba kabla ya jaribio hilo.

Jaribu pia kukataa ruhusa ya kamera. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 mtumiaji anaulizwa programu ikiwa inatumika, na kuanzia Android 11 akikataa mara mbili haulizwi tena. Muuzaji mwenye haraka atabonyeza kukataa bila kusoma. Programu yako imwambie kwa Kiswahili aende wapi kuiwasha; isibaki skrini nyeusi.

Yapo ambayo emuleta haitakuonyesha: boksi la plastiki linalong'aa chini ya taa, stoo yenye giza, na picha inayotoka imelala ubavu kwa sababu kamera imeandika mwelekeo ndani ya faili nawe hukuusoma. Kwa hayo azima simu ya muuzaji mwenyewe, ile atakayoitumia, hata kwa nusu saa jioni wakifunga. Ingia nayo stoo, soma boksi kumi, piga risiti tano, wima na kwa ubavu. Ikigoma, niandikie ulichokiona kwenye Logcat, dirisha la Android Studio linaloorodhesha yanayotokea ndani ya programu, mistari yote.