Muulize Fundi: Ringi mpya za kompresa, wiki tatu chali

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi msaidizi kwenye kituo cha kujaza gesi ya magari hapa Dar, tuna kompresa ya stegi nne (inakandamiza gesi kwa hatua nne) ile isiyotumia oili kwenye silinda. Juzi kati stegi ya tatu ilianza kuchemka, kujaza bajaji moja ikawa shughuli mpaka madereva wanatutukania mama zetu, kufungua tukakuta ringi za pistoni zimelika. Spea orijino tukaambiwa wiki sita, bosi akasema thubutu, tukachongesha za tefloni, ile plastiki ya kuteleza, kwa fundi wa leti. Ziliingia safi kabisa, zimebana hakuna hata upenyo. Wiki tatu tu zimekwisha na silinda ina mikwaruzo. Tumeuziwa tefloni feki au?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo mlizochongesha zilikuwa nyeupe, sio? Basi haikuwa feki, ilikuwa tefloni tupu, na hapo ndo pameharibika. Tefloni tupu ni laini, ikisuguana na chuma inaisha kama sabuni. Angalia ringi orijino uliyoitoa, utakuta ni nyeusi au ya kahawia, kwa sababu kiwandani wamechanganya kaboni, grafaiti au unga wa bronzi ili isilike ovyo.

Halafu uliposema "zimebana hakuna hata upenyo" nilishika kichwa. Ringi ya chuma kwenye silinda ya milimita 100 unaiachia kama robo milimita pale ilipokatwa, ya tefloni inataka kama milimita mbili hivi (kitabu cha mashine yako ndo chenye neno la mwisho), maana ikipata joto inatanuka mara kadhaa kuliko chuma, ikikosa nafasi ncha zinagongana, inajikaza kwenye ukuta, joto linapanda, inatanuka tena, we mwenyewe umeona mwisho wake. Na kwenye mfereji wa pistoni pia isibane, icheze kidogo, kwa sababu kinachoisukuma ringi ishike ukuta ni gesi yenyewe inayopita ubavuni na kuingia nyuma yake. Ukiziba njia hiyo umeiua ringi siku ya kwanza.

Sasa mikwaruzo. Kama silinda imelala na mikwaruzo iko chini tu, cheki ile ringi pana inayobeba uzito wa pistoni, wengi wanaisahau, ikiisha pistoni inaburuza chuma kwa chuma. Pitisha ukucha, ukinasa usifunge ringi nyingine humo hata kama ni orijino, laina (ukuta wa ndani wa silinda) ikasuguliwe upya kwa mashine au ibadilishwe. Bosi atalalamika, mwache alalamike.

Ila kabla hujafungua tena hakikisha kweli ni ringi. Ringi za stegi ya tatu zikivujisha, presha kati ya stegi ya pili na ya tatu inapanda, lakini valvu mbovu inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo pima joto la vifuniko vya valvu za kuvuta kimoja kimoja, kinachochemka kuliko wenzake ndo mchawi, na valvu unaibadilisha bila kugusa pistoni. Nimeona watu wamevua pistoni siku nzima kumbe ni sahani ya valvu imepasuka.

Na tafadhali, hiyo gesi ikitoka huko inafika presha ya bar 200 na ushee. Geji moja kusoma sifuri haitoshi, gesi inanasa kati ya stegi na stegi, itoe zote, kata umeme ufunge kufuli na ufunguo ukae mfukoni kwako, zuia fulaiwili (lile gurudumu zito la kompresa) isizunguke. Ukimaliza kufunga zungusha kwa mkono raundi nzima usikilize, kisha toa hewa kwa naitrojeni kabla gesi haijaingia, maana hewa na gesi vikikandamizwa pamoja ni bomu.

Pima silinda juu, kati na chini, kila sehemu mara mbili kwa kukatisha, unitumie hizo namba sita pamoja na picha ya laina, nikuambie kama bado inafaa.