Maswali ya Wasomaji: Njia ya Mguu Iko Wapi Katika Mpango wa Barabara?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu sehemu ile ya safari ambayo basi haliifikii: kutoka mlangoni hadi kituoni, na kutoka kituoni hadi kazini, shuleni au sokoni. Tumechagua nne. Tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka kituo cha mwendokasi. Zamani nilikuwa nikitembea, lakini barabara ya mtaani haina pembezo ya kupita, na mvua ikinyesha mtaro na njia huwa kitu kimoja. Sasa nalipa bodaboda shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, yaani zaidi ya nauli ya basi lenyewe. Inakuwaje zipatikane fedha za mabasi na vituo, zisipatikane za njia ya kutembea? — Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

Jibu: Dada yetu, kwa siku 26 za kazi bodaboda hiyo inakugharimu shilingi 52,000 kwa mwezi, kwa umbali ambao mtu mwenye afya huumaliza kwa dakika 20 kama ana mahali pa kuweka mguu. Mpango mzuri wa usafiri ungeanza na hesabu kama hiyo, kwa sababu abiria halinganishi basi na basi. Hulinganisha safari nzima na safari nzima, na ile yenye tope mwanzoni hushindwa kabla basi halijaonekana.

Haki yao tuwape waliopanga mradi wa mwendokasi. Awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 katika njia za takriban kilomita 21 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando ya barabara, jambo ambalo miradi mingi ya barabara iliyoitangulia haikulijali. Hiyo ni moja ya sababu Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na kuwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Tatizo lako linaanza pale mstari wa mradi unapoishia. Mradi mkubwa wa barabara huchorwa kama ukanda mrefu, na kila kilicho ndani ya ukanda huwa na msanifu, mkandarasi na fedha. Ukitoka nje ya ukanda hatua chache tu, umeingia katika himaya nyingine. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na zile za wilaya, za mijini na za vijijini zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko wa Barabara umekuwa asilimia 70 kwa upande wa kwanza na asilimia 30 kwa upande wa pili, ingawa mtandao wa upande wa pili ndio mrefu zaidi na ndio unaopita mbele ya nyumba za watu. Mpaka huo hauonekani barabarani. Wewe unaujua kwa sababu kiatu kinatoka kwenye zege na kuzama.

Sababu ya pili imo katika namna ya kuhesabu. Kabla ya barabara kupanuliwa, vijana huwekwa kando yake na fomu mkononi wakihesabu pikipiki, magari madogo, mabasi na malori, na idadi hiyo ndiyo inayotetea ongezeko la njia. Mara nyingi waenda kwa miguu hawahesabiwi, au huhesabiwa kwenye makutano machache tu. Hata wakihesabiwa, mtu kama wewe, aliyeacha kutembea kwa sababu njia haipitiki, ameshahamia kwenye safu ya pikipiki. Kupima haja ya njia ya mguu kwa kuwahesabu wanaopita leo kwenye tope ni sawa na kuhesabu wateja wa duka ambalo halijafunguliwa. Kinachosaidia zaidi ni kuwauliza watu majumbani kwao: jana ulikwenda wapi, kwa nini, kwa njia gani, na kila kipande kilichukua muda gani? Dodoso la namna hiyo humwona mtoto wa shule, mama wa sokoni na mzee anayekwenda zahanati, ambao fomu ya kando ya barabara haiwaoni.

Kuna hesabu nyingine tungependa iwekwe mezani. Kwa dakika 20 mtu anayetembea kilomita 4.5 kwa saa hufika kilomita moja na nusu, na mwenye baiskeli anayekwenda kilomita 15 kwa saa hufika kilomita 5. Zungushia kituo duara la kila mmoja: la kwanza lina eneo la kilomita za mraba 7 hivi, la pili lina zaidi ya 78. Maana yake ni kwamba kituo kilekile, bila kuongezewa basi hata moja, kinaweza kuhudumia eneo kubwa mara 11, ilimradi baiskeli ipate njia salama ya kufika na mahali pa kufungwa. Hata kama nusu ya duara hilo ni mabonde na mito isiyovukika, bado sijui uwekezaji mwingine wa usafiri unaorudisha faida ya kiwango hicho kwa gharama ya lami nyembamba na vyuma vya kufungia baiskeli.

Jambo hili haliishii kwenye mipaka ya jiji. Watu wanaofanya kazi Dar es Salaam wanalala Kibaha na Mkuranga, ambako ni Mkoa wa Pwani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeingia katika hesabu za wanaosafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mpango wa mkoa mmoja hauwezi kumaliza safari ya mtu anayevuka mikoa miwili kila siku, na kituo cha treni kisicho na njia ya mguu kina kasoro ileile ya kituo chako cha basi.

Kwa sasa fanya hivi. Andikeni maombi kupitia serikali ya mtaa na diwani, na muombe kitu kinachopimika: kipande gani, urefu gani, kutoka wapi hadi wapi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limekuta mlango umefungwa. Ombeni upana wa mita 2 usio na nguzo wala kibanda katikati, kwa sababu viti viwili vya magurudumu vinahitaji karibu mita 1.8 ili vipishane. Mkiambiwa nafasi hakuna, tazameni mtaro. Katika mitaa mingi mtaro wa wazi umekalia palepale ambapo njia ingepita, na mifuniko imara ya zege, yenye sehemu zinazofunguka kwa ajili ya usafi, hutoa njia bila kubomoa ukuta wa mtu. Ila mifuniko hiyo isiwe kisingizio cha kuacha kuzibua mtaro. Mtaro ulioziba chini ya zege ni mbaya kuliko ule unaoonekana.

Swali: Shule yetu ya msingi iko kando ya barabara ya lami yenye magari ya kasi. Kamati ya wazazi inataka tuombe daraja la juu la waenda kwa miguu. Baadhi yetu tunaona matuta yanatosha. Nani yuko sahihi? — Mwalimu, Morogoro

Jibu: Mwalimu, walio upande wa matuta wako karibu zaidi na ukweli, lakini matuta peke yake hayatoshi.

Tuanze na kasi. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi nchini, hupita kama mita 14 katika sekunde moja ya kushtuka, kisha huhitaji nyingine kama hizo ili gari lisimame hata kama breki ni nzuri na barabara ni kavu. Jumla ni mita 28 hivi. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, jumla hiyo hushuka hadi mita 13 au 14. Mtoto aliyeruka barabarani mita 20 mbele ya gari hukutana na gari lililosimama katika hali ya pili. Katika hali ya kwanza, gari limeanza tu kupunguza mwendo. Kwa hiyo tunapozungumzia usalama wa shule tunazungumzia kilomita 30 kwa saa, na kibao pekee hakimpunguzi mwendo dereva wa basi la mkoani aliyechelewa. Umbo la barabara ndilo linalompunguza.

Sasa daraja la juu. Ili lori lipite chini yake, sakafu ya daraja inabidi iwe juu kwa mita 5.5 hivi. Mteremko unaomfaa mwenye kiti cha magurudumu ni wa mita 1 kwa kila mita 12, hivyo mtu atapanda mita 66 na kushuka mita 66 nyingine ili avuke barabara ambayo pengine haizidi mita 10. Mkiweka ngazi badala ya mteremko, mmemfungia nje mlemavu, mjamzito na mwenye mzigo kichwani. Watoto ni wepesi wa hesabu hizi kuliko sisi: watapita chini. Barabara ya Thika kule Nairobi ina madaraja ya aina hiyo, na bado watu wamekuwa wakionekana wakiruka vizuizi chini yake. Daraja lina mahali pake, hasa juu ya barabara ya njia nyingi ambayo haiwezi kupunguzwa kasi, lakini halifai kuwa ombi la kwanza la shule iliyo kando ya barabara ya njia mbili.

Mtakachoomba ni mfuatano wa vitu. Tuta litangulie kivuko, si likifuate. Kivuko cha pundamilia chenyewe kiinuliwe kama tuta pana, ili gari lipande kwenye usawa wa mtoto badala ya mtoto kushuka kwenye usawa wa gari. Kama barabara ni pana, pawepo kisiwa katikati ili mtoto avuke upande mmoja kwa wakati mmoja. Kisha pawepo njia ya mguu kutoka kivukoni hadi getini, iliyotengwa na barabara kwa vigingi, la sivyo bodaboda wataigeuza njia ya mkato. Si ndoto. Mpango wa SARSAI, wa kutathmini na kuboresha usalama wa barabara kuzunguka shule, ulio chini ya taasisi ya usalama barabarani ya Amend, umefanya marekebisho ya aina hii kuzunguka shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Gharama ya kazi hizo kwa shule moja ni ndogo sana ikilinganishwa na daraja, na fedha za daraja moja zingefikia shule nyingi.

Kabla ya kuandika barua, simameni getini asubuhi tatu mfululizo na mchore kwenye karatasi mahali ambapo watoto wanavuka kweli. Kivuko kiwekwe hapo. Kikiwekwa mita 80 kando kwa sababu mchoro umependeza zaidi, hakitatumika.

Swali: Mimi ni fundi umeme, nazunguka na baiskeli. Penye njia ya baiskeli nakuta magari yameegeshwa, bodaboda wanasubiri abiria, na mbele kidogo njia inakatika ghafla. Je, hakuna sheria? — Fundi, Dar es Salaam

Jibu: Sheria ipo, fundi, lakini njia inayohitaji askari asimame hapo kila siku ili itumike imesanifiwa vibaya. Rangi kwenye lami ni ombi tu kwa dereva. Ukingo wa zege na vigingi vilivyoachana kiasi cha kupitisha baiskeli na kuzuia gari ni jibu. Bodaboda naye hakuja pale kwa ukorofi: abiria anashuka hapo, na hakuna aliyemchorea kijiwe. Kituo kikipangwa bila nafasi ya bodaboda na bajaji, watachukua nafasi ya mwingine, na mwingine huyo huwa ni wewe. Oktoba 2021 machinga walipohamishwa kandokando ya barabara za jiji tulikuwa na mjadala unaofanana na huu, na msimamo wetu haujabadilika: anayeondolewa aonyeshwe pa kwenda, la sivyo atarudi.

Njia kukatika ghafla ni kosa la makutano. Wasanifu wengi huchora njia nzuri kati ya makutano na makutano, kisha huiacha pale hasa ambapo magari yanakata kona na mwendesha baiskeli yuko hatarini zaidi. Ukiletewa mchoro wa barabara katika mkutano wa hadhara, ruka kurasa zote na uangalie makutano.

Swali: Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015. Mbona sioni tofauti kwenye njia yangu ya kwenda kazini? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Sera hiyo iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri ya kaunti kwa ajili ya waenda kwa miguu, baiskeli na huduma zinazoambatana nazo. Zingatia neno kaunti. Barabara nyingi kubwa unazovuka ziko chini ya mamlaka za kitaifa, KeNHA (ya barabara kuu) na KURA (ya barabara za mijini), ambazo bajeti zake hazipitii kwenye bunge la kaunti, hivyo ahadi haikuwahi kuzifunga moja kwa moja. Ni kisa kilekile cha dada yetu wa Dar es Salaam, majina ya mamlaka yakiwa tofauti. Kwa barabara zilizo chini ya kaunti yenyewe, hati ya mkakati wa fedha huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mwandikie mwakilishi wa wadi yako kabla ya tarehe hiyo, umtake akuonyeshe fungu la njia za miguu kwa jina na kiasi, na si ndani ya fungu la jumla la "ukarabati wa barabara".