Wiki sita hazimfanyi mtu paramediki

SWALI: Shikamoo afande. Nina miaka 20, nimemaliza Form Six mwaka jana na masomo yangu yalikuwa Fizikia, Kemia na Biolojia. Tangu utotoni nataka kuwa zimamoto. Nimeambiwa siku hizi lazima uwe paramediki kwanza, yaani mtaalamu wa tiba ya dharura kwenye ambulensi, kwa hiyo natafuta shule. Moja iko Kampala, imenitumia ujumbe WhatsApp: wiki sita, shilingi milioni moja na laki mbili, cheti cha kimataifa, na kazi zimamoto au Dubai. Nyingine ni ya "paramedical", miaka mitatu, na mjomba anasema hiyo ndiyo yenyewe. Nichague ipi? (Msomaji, Arua)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu ukidhani ni moja.

Hilo la "lazima uwe paramediki kwanza" limetoka Marekani. Kule idara nyingi za zimamoto ndizo zenye ambulensi, na zaidi ya nusu ya simu wanazopokea ni za wagonjwa, si za moto. Ndiyo maana kijana wa kule akiwa na leseni ya paramediki anapokewa haraka. Na leseni yenyewe haipatikani kirahisi: masomo huzidi saa 1,000, na tangu 2013 mtihani wao wa taifa haumpokei mtu ambaye mafunzo yake hayakuidhinishwa. Hapa Uganda zimamoto ni kurugenzi ya Polisi. Unaingia kwa tangazo la polisi, unakwenda chuo cha mafunzo ya polisi cha Kabalye kule Masindi, unapigishwa kwata kama wenzako wote, halafu ndipo unapangiwa kazi. Mlango mwingine ni uwanja wa ndege wa Entebbe, ambao una kikosi chake chini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Miaka yote niliyovaa ile sare sikuona tangazo la konstebo linalodai uparamediki. Walitaka cheti cha Form Four, umri, uraia, mwili wenye afya na rekodi isiyo na kesi. Kwa hiyo hao wa WhatsApp wanakuuzia kazi ambayo si yao kuitoa. (Kiswahili chako cha Arua, kwa taarifa yako, kitakufaa zaidi kambini kuliko hicho cheti chao.)

Mjomba naye simlaumu, neno lenyewe limemponza. Hapa kwetu "paramedical" ni neno la zamani. Shule za Mulago, Kampala, zilizoitwa hivyo zilikuwa zinatoa maafisa tabibu, watu wa maabara, wapiga picha za eksirei na wengine wa aina hiyo. Leo chuo kile kinaitwa Uganda Institute of Allied Health and Management Sciences, lakini mitaani jina la kale halijafa. Ukijiandikisha "paramedical" bila kuuliza ni diploma ya nini, unaweza kumaliza miaka mitatu ukiwa mbele ya hadubini unahesabu vimelea vya malaria. Ni kazi ya heshima, ila si hiyo unayoiota.

Sasa hao wa wiki sita.

Nimeshika mikononi mwangu vyeti vyao vingi, na mara nyingi hicho "cha kimataifa" ni kadi ya BLS (Basic Life Support, hatua za msingi za kuokoa maisha) ya American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani. Kadi ni halali na kozi ni nzuri, mimi mwenyewe huifundisha. Lakini ni kozi ya kubonyeza kifua na kupuliza hewa. Inakwisha kwa siku moja, na kadi inaisha muda baada ya miaka miwili. Wanaichukua siku hiyo moja, wanaongeza kufunga bandeji, kubeba machela na kupiga picha na sare yenye nyota ya bluu ya watu wa ambulensi, wanaitandaza wiki sita na kuiita uparamediki. Aliyejifunza kuwasha injini humpi basi la abiria alipeleke Gulu.

Nitakupa swali moja la kuwapima. Mtu katolewa kwenye chumba kilichojaa moshi. Anaumwa kichwa, anatapika, maneno yake hayaeleweki. Unamwekea kidoleni oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, inasoma asilimia 98. Unafanya nini?

Mkufunzi akikujibu kwamba 98 ni nzuri, mpumzishe na umwangalie, chukua begi lako urudi Arua. Moshi una kaboni monoksidi, na sumu hiyo hung'ang'ania himoglobini, kile kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kile kifaa cha kidole kinapima damu kwa mwanga, nacho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Kinakusomea namba nzuri mtu akiwa anakufa. Unampa oksijeni kwa barakoa, kwa kasi kubwa, hata kisome nini, na unakwenda hospitali. Akiachwa na hewa ya kawaida, nusu ya sumu inachukua saa nne au tano kutoka mwilini. Akipewa oksijeni tupu ni kama saa moja hadi moja na nusu. Na ukiona masizi puani, au sauti yake imekuwa ya kukwaruza, usingoje chochote: koo linavimba ndani, na likifunga hakuna barakoa itakayosaidia.

Haya hayako kwa wazimamoto tu. Kila msimu wa baridi na mvua watu huingiza sigiri chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Nilikuta familia ya namna hiyo, na kijana aliyetangulia kufika na ambulensi ya watu binafsi alikuwa amemvua mama oksijeni kwa sababu oksimita ilisoma 99. Alitaka kuokoa mtungi. Nilipomuuliza alisomea wapi akanionyesha kadi, kwa fahari kabisa. Sikumgombeza yeye. Alifundishwa kuamini namba, na hakuna aliyewahi kusimama nyuma yake wodini akamwambia mtazame mtu.

Tofauti iko hapo, na ndiyo maana mimi siulizi chuo kina majengo gani. Nauliza wanafunzi wake wanagusa wagonjwa wapi, na nani anawasimamia. Wanapelekwa hospitali gani, kwa barua ya nani? Wanalala zamu ya usiku kwenye chumba cha dharura? Wanapanda ambulensi inayofanya kazi, au ile iliyopaki uani kwa ajili ya picha? Kwa anayetaka moto, je, wanaifikia wodi ya majeraha ya moto ya hospitali ya Kiruddu, Kampala? Kisha cheti. Nenda ofisi za Allied Health Professionals Council, baraza la kusajili maafisa tabibu, watu wa maabara na wenzao, lililoundwa kwa sheria ya 1996, ukiwa na jina kamili la kozi, uwaulize kama wanamsajili anayeimaliza na kwa cheo gani. Nenda pia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu uulize kama kozi hiyo, kwa jina lake, imeidhinishwa. Usiulize chuo tu. Chuo kinaweza kuwa halali kwa kozi ya ushonaji kikafundisha udaktari chumba cha pili. Shule ya kweli haitakuchukia kwa kwenda kuuliza. Ile nyingine itakwambia nafasi zimebaki tatu, lipa leo.

Na Dubai? Wenye mamlaka ya afya kule hawaridhiki na karatasi unayoibeba. Wanaituma kwa kampuni iitwayo DataFlow, nayo inawasiliana moja kwa moja na chuo kilichoitoa. Nimeona vijana waliouza shamba la baba kwa safari hiyo wakaishia kulinda geti la duka.

Ningekuwa wewe, ningengoja tangazo la polisi huku nikifanya mazoezi ya mbio na kuogelea, na ningechukua kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, inayojiita huduma ya kwanza na si kitu kingine. Kama tiba ya dharura ndiyo inayokuvuta hasa, una Biolojia na Kemia: soma uuguzi au uafisa tabibu kwanza, halafu uingie dharura kutoka huko. Ni njia ndefu. Sina fupi ya kukupa.

Wazazi nao nina neno kwenu, kwa sababu wanaopanda hayo magari ni nyinyi. King'ora na kitanda havifanyi gari kuwa ambulensi. Kabla ya kulipa, muulizeni aliyekaa nyuma yeye ni nani na amesajiliwa wapi. Kama mtungi wa oksijeni upo, mwambieni aufungue mbele yenu. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya bomba dakika 20, wala msikubali dawa ya meno, mayai au manyoya ya sungura, hata kama anayeyapaka kavaa fulana iliyoandikwa paramediki. Lori la mafuta lilipowaka Namungoona, Kampala, mwezi Juni 2013, waliokufa hawakufia wote barabarani. Hesabu iliendelea kupanda wodini, hospitali ya Mulago. Majeraha ya moto yanaua taratibu, na kosa la dakika kumi za mwanzo linaonekana siku ya nne, wakati aliyelifanya ameshalipwa na kuondoka.

Nirudi kwako. Hiyo milioni na laki mbili usiitume. Watumie lile swali la oksimita kwa WhatsApp kwanza, na wakikujibu niletee jibu lao, nina hamu ya kulisoma.