Swali la lugha: kwenye dodoso la wafanyakazi tuandike msongo wa mawazo, stresi, mkazo au presha?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kiwanda hapa Morogoro. Tunataka kuwapa wafanyakazi dodoso kuhusu stresi kazini na mimi ndo nimepewa kuliweka kwa Kiswahili. Nimeandika 'msongo wa mawazo', meneja anasema hilo ni neno la hospitali tuweke 'presha ya kazi', mwenzangu anataka 'mkazo', mwingine aliyesoma Nairobi anasema 'mfadhaiko'. Halafu kuna hii 'hatari za kisaikolojia', watu wakiisoma wanacheka wanasema tunawaita vichaa. Tushike lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hamjachapisha, maana dodoso likishagawiwa na watu wakajibu kitu kingine tofauti na ulichokusudia, hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuokoa, utapata asilimia nzuri kabisa za swali ambalo hukuliuliza.

Tuanze na presha kwa sababu ndo yenye madhara zaidi. Mtaani presha ni mambo mawili, bosi anakupa presha, na mama ana presha. Sasa ukimuuliza fundi mitambo mtu mzima "je, una presha kwa sababu ya kazi?" atakujibu hapana, nilipima juzi iko sawa. Hata shinikizo likikaa peke yake sio salama sana, wengi wanalijua kutoka kwenye shinikizo la damu, ingawa ukisema "shinikizo la kumaliza kazi haraka" linaeleweka bila shida kwa sababu umeshalifunga na kitu. Kwenye mazungumzo presha iendelee tu, ila kwenye dodoso linalogusa afya iondoe kabisa.

Mkazo nao, mwenzako hajakosea kamusi, lakini kwa waliopita shule mkazo ni ule wa silabi, unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa wengine ni kukaza misuli. Mkazo wa akili watu hawausemi, na dodoso sio mahali pa kuwafundisha watu neno jipya. Mfadhaiko ni neno zuri, Kenya utalikuta sana kwenye magazeti, shida yake ni kwamba kufadhaika kuna mshtuko ndani yake, mtu kapata habari mbaya akafadhaika, na pia unakuta mwandishi mmoja kalitumia kwa stresi, mwingine kwa ule ugonjwa ambao Tanzania tunauita sonona na Kenya wengi wanauita unyogovu. Hayo ni mambo mawili tofauti, stresi sio lazima iwe ugonjwa, sonona ni ugonjwa, huwezi kuyabebesha neno moja kwenye karatasi inayopimia afya za watu.

Kwa hiyo shika msongo wa mawazo. Meneja wako mwambie sio la hospitali tena, limeshatoka, redioni lipo, kanisani na msikitini lipo, na mzizi wake kila mtu anaufahamu, kusonga ni kubana na kukandamiza, ndo maana tunasonga ugali na ndo maana kuna msongamano wa magari. Ngeli yake ni ya mti, msongo huu, misongo hii, usiandike "msongo za kazi", hiyo "za" watu wanaitoa kwenye stresi. Na stresi yenyewe siikatazi, mwanzoni kabisa andika "msongo wa mawazo, yaani stresi" halafu endelea na neno moja mpaka mwisho.

Ila hapa ndo nataka tukae. Msongo wa mawazo una kasoro moja kubwa, unaipeleka shida yote kichwani kwa mtu. Ukisema fulani ana msongo wa mawazo, anayesikia anafikiria labda ana madeni, labda ndoa yake, apewe ushauri nasaha arudi kwenye mashine. Wakati watafiti wa mada hii kwa miaka zaidi ya 40 sasa wanaangalia kazi yenyewe ilivyopangwa. Mtafiti Robert Karasek mwaka 1979, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa halafu mfanyakazi hana nafasi ya kuamua chochote, vyote viwili kwa pamoja. Uingereza wakawafuatilia watumishi wa serikali pale London, ule utafiti unaoitwa Whitehall, wa kwanza ulianza 1967 na wa pili 1985 ukiwa na watu 10,308, na Michael Marmot na wenzake wakakuta kwamba wanaougua na kufa zaidi kwa moyo sio wakubwa wenye mikutano kutwa nzima kama watu walivyodhani, ni wa vyeo vya chini, na jambo moja lililojitokeza sana ni kukosa usemi kwenye kazi yako mwenyewe. Na hawa walikuwa watumishi wa maofisini wenye mshahara wa serikali! Sasa fikiria wa kwenu anayesimama zamu nzima.

Kwa hiyo lugha ya dodoso lazima iulize kazi, isimuulize mtu tu. Na Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa vitenzi vyetu. "Nimechoka" haisemi nani kanichosha. "Nimechoshwa na" inadai jina, huwezi kuishia hapo, lazima umtaje au ukitaje. Vivyo hivyo "nina msongo" na "nasongwa na", "nimeelemewa na". Badala ya "je, una msongo wa mawazo?" uliza "ni mambo gani kazini yanakusonga?" au "mara ngapi unaelemewa na wingi wa kazi?" Utaona majibu yanabadilika, mtu aliyekuwa anaona aibu kusema ana msongo anakwambia bila kificho kwamba ratiba ya zamu inabandikwa Jumapili usiku na Jumatatu alfajiri anatakiwa awe kazini.

Sasa uangalie mitego ya tafsiri, maana najua umeshika dodoso la Kiingereza mkononi. Mtego wa kwanza ni ule wa "mahitaji ya kazi", tafsiri ya neno kwa neno ya "job demands". Kwa Mswahili mahitaji ya kazi ni glovu, buti, au vyeti ulivyotakiwa kuja navyo siku ya usaili. Andika "wingi na uzito wa kazi". Wa pili ni mbaya zaidi, "udhibiti", kutoka "control". Karasek alikuwa anaongelea uhuru wa mfanyakazi kuamua, ukiandika "kuna udhibiti kiasi gani kwenye kazi yako?" mtu ataelewa kinyume kabisa, kwamba unauliza msimamizi anambana kiasi gani, na aliyebanwa sana ataweka alama ya juu kwenye swali ambalo alama ya juu maana yake ana uhuru. Yaani matokeo yanapinduka kichwa chini na hakuna atakayejua. Uliza "unaweza kuamua mwenyewe uanze na kazi ipi?" au "unaweza kupumzika kidogo bila kuomba ruhusa?" Watu wanajibu vizuri sana maswali ya namna hii kwa sababu wanaiona siku yao ndani yake.

Mtego mwingine unatoka kwa Johannes Siegrist, mtafiti aliyefanya kazi Ujerumani, yeye 1996 alieleza kwamba mtu anaumia pale jitihada anazotoa hazilingani na anachopata. Hicho anachopata, kwa Kiingereza "reward", ukikiita "zawadi" watu watawaza sabufa ya Mei Mosi, ukikiita "thawabu" umeenda mbinguni, ukikiita "malipo" umebaki na pesa tu, na Siegrist hakuishia kwenye pesa, alitaja na heshima, kupanda cheo na uhakika wa ajira. Usitafute neno moja, livunje, uliza mshahara peke yake, heshima peke yake, cheo peke yake na kama mtu ana uhakika mkataba utaendelea. Karatasi itarefuka kidogo, sawa.

Na hili la uchovu. Mwanasaikolojia Christina Maslach na wenzake walipoichunguza ile hali ya mtu kumalizwa na kazi, kwa Kiingereza "burnout", walitaja mambo matatu, kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi cha maana tena. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likaiweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa kama hali inayotokana na kazi, wakasema wazi sio ugonjwa. Ukiandika "uchovu" tu kila mtu anayetoka zamu atatiki ndiyo, kwani nani hachoki. Andika "kuchoshwa na kazi kupita kiasi" halafu ueleze mambo yote matatu, kila moja na swali lake.

Kuhusu "hatari za kisaikolojia", wanaocheka wana haki, sentensi inasomeka kama vile hatari iko kwenye saikolojia ya mfanyakazi. Tumia vihatarishi. Neno hili OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wanalitumia na viwandani limezoeleka, kelele ni kihatarishi, vumbi ni kihatarishi, mashine isiyo na kinga ni kihatarishi. Ukiweka zamu za usiku mfululizo, matusi ya msimamizi na malengo yasiyofikika kwenye orodha hiyo hiyo, hakuna atakayedhani anaitwa kichaa, maana kelele nayo haimo ndani ya mtu. Kwenye ripoti kwa wakubwa andika "vihatarishi vya kisaikolojia na kijamii" na usiikate hiyo kijamii, matusi na ubaguzi ni mambo ya watu kwa watu. Kwa wafanyakazi andika tu "mambo ya kazini yanayoweza kuumiza afya ya akili na mwili". Angalizo moja, wakaguzi wa ndani wakisema usimamizi wa vihatarishi mara nyingi wanaongelea uwezekano wa hasara, kwa hiyo kwenye ripoti eleza mapema kwamba kwako kihatarishi ni kile kitu chenyewe, hatari ni uwezekano wa mtu kuumia, na msongo ni kinachotokea. Ukivichanganya hivyo vitatu utaishia kuripoti kwamba tatizo la kiwanda ni msongo, na dawa itakuwa semina.

Unyanyasaji pia usiliache peke yake, wengi wanawaza ngono au kipigo tu. Taja, kutukanwa, kutishiwa kufukuzwa, kudhalilishwa mbele ya wenzako. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2019 unataka haya yote yaangaliwe ndani ya usalama na afya kazini.

Mwisho muda. "Mwezi uliopita" kwa Kiswahili ni mwezi wa kalenda, mtu akijibu tarehe 25 anarudi mpaka mwezi mwingine, andika "siku 30 zilizopita mpaka leo". Na masaa ya kazi uliza kwa wiki, ukihesabu na ovataimu, hili usiliruke hata meneja akilalamika, maana Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na moyo kwa mwaka 2016 pekee, na sheria yetu ya ajira inaweka saa 45 za kawaida. Wafanyakazi watasema masaa, wewe andika saa, lakini usiandike "unafanya kazi saa ngapi?" mtu atakujibu saa moja asubuhi. Andika "kwa wiki moja unafanya kazi jumla ya saa ngapi?"

Na juu kabisa ya karatasi usiweke "Dodoso la Msongo wa Mawazo". Weka "Maswali kuhusu kazi yako na afya yako", na chini yake kwa herufi zinazosomeka, kwamba jina haliandikwi.